Jumamosi sita za kujifunza kushawishi: tathmini ya kozi ya kuzungumza mbele ya hadhira

Mwezi uliopita nilimaliza kozi ya wiki sita ya kuzungumza mbele ya hadhira, inayotolewa kila Jumamosi na kampuni moja ya mafunzo hapa Dar es Salaam. Jina lake naliacha, kwa kuwa nilipoulizia kwa watu waliosoma kwingine niligundua kwamba kozi hizi zinafanana kama mapacha: kitini ni kilekile, mazoezi ni yaleyale, na hata utani wa mkufunzi wa siku ya kwanza ni uleule. Ada ilikuwa shilingi 380,000, ikijumuisha kitini, chai ya saa nne pamoja na maandazi au sambusa, na cheti. Tulianza saa tatu asubuhi na kumaliza saa saba mchana. Tulikuwa washiriki kumi na wanane, wengi wao vijana wa benki na wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na wachache tuliokwisha kuota mvi, nikiwamo mimi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa klabu ya mdahalo. Mtu angedhani mlezi wa mdahalo hana haja ya kulipia mafunzo ya kusema, nami nilidhani hivyo mpaka nilipokabidhiwa kazi ya kuwaeleza wazazi juu ya mchango wa chakula cha mchana. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mchango wa namna hiyo hauwezi kutolewa kama amri. Ni lazima wazazi wenyewe waukubali kikaoni, na mzazi asiyekubali hana wa kumlazimisha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mdahalo haukunifundisha kushawishi. Katika mdahalo unapangiwa upande, unapambana na mwenzako ambaye hatakubaliana nawe hata iweje, na anayeamua ni hakimu aliyekaa pembeni na karatasi ya alama. Mzazi aliyekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni hana karatasi ya alama, na akikataa huwezi kumshinda kwa pointi.

Nianze na lililo zuri, kwa sababu lipo na ni kubwa. Mkufunzi wetu aliwahi kuwa mtangazaji wa redio, na sauti anaijua kama fundi seremala anavyojua mbao: anasikia panapokwaruza kabla hata hujamaliza sentensi. Kila mshiriki anarekodiwa kwa video katika Jumamosi ya pili, ya nne na ya sita, kisha anapewa faili lake akalitazame nyumbani mara mbili, mara ya kwanza bila sauti na mara ya pili bila picha. Nilipojitazama bila sauti nilimwona mtu anayeshika mkanda wa saa yake kila baada ya sekunde chache, kana kwamba ana basi la kuwahi. Nilipojisikiliza bila picha nilihesabu "kwa hiyo" kumi na nne katika dakika tatu, na kati ya hizo labda mbili tu zilikuwa na jambo lililotangulia la kuzihalalisha. Miaka yote hiyo wanafunzi wangu walikuwa wakiyaona haya na hakuna aliyethubutu kuniambia. Kwa zoezi hilo peke yake, nusu ya ada yangu ilikuwa imekwisha kurudi. Mafunzo ya pumzi nayo ni mazuri, hasa kwa walimu, ambao hukauka koo kabla ya kipindi cha saba.

Matatizo huanza pale kozi inapoacha sauti na kuingia katika kueleza ushawishi ni nini. Jumamosi ya kwanza mkufunzi aliandika ubaoni tarakimu tatu, 7, 38 na 55, akasema kwamba katika mawasiliano maneno yana uzito wa asilimia 7 tu, sauti 38, na mwili 55. Tarakimu hizi zimeenea duniani kote, na chimbuko lake ni tafiti mbili za mwaka 1967 za Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Tafiti hizo hazikuhusu hotuba hata kidogo. Zilihusu neno mojamoja, katika mojawapo neno lenyewe likiwa "labda", lililotamkwa kwa sauti tofauti na kuambatanishwa na picha za nyuso, ili kuona msikilizaji anakisia vipi kama msemaji anampenda au hampendi pale ambapo neno, sauti na uso vinapingana. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hesabu hiyo haifai nje ya mazungumzo ya hisia na mielekeo. Kama ingekuwa kweli kwa kila usemi, basi bibi yangu, ambaye hajui neno moja la Kichina, angeisikiliza hotuba ya Beijing kwenye televisheni na kuambulia asilimia 93. Nilinyoosha mkono nikasema hivyo, kwa adabu. Mkufunzi alicheka, akanishukuru, akaendelea na slaidi inayofuata.

Kasoro kubwa zaidi ilijitokeza Jumamosi ya tatu. Zoezi lilikuwa kumshawishi mtu akubali jambo kwa dakika mbili, na kengele ya mezani ilikuwa tayari kumkatiza anayezidisha. Alisimama mzee mmoja, mtumishi mstaafu, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maji mtaani kwake. Alitazama ukumbi wote kutoka kushoto hadi kulia, akasema "Asalaam aleikum," akasubiri jibu; akasema "Bwana Yesu asifiwe," akasubiri; akasema "Tumsifu Yesu Kristo," akasubiri tena; kisha akauliza habari za asubuhi, akawapa pole wenzetu wawili waliofika wamelowa mvua, akamtaja kijana mmoja kwa jina kuwa ndiye aliyemsaidia kupanda ngazi. Alipofungua mdomo kutaja bomba la maji, kengele ikalia. Mkufunzi alimweleza, kwa upole lakini mbele ya watu wote, kwamba amepoteza dakika mbili bila kuingia kwenye hoja. Mzee akasema, "Sawa, mwanangu," akaketi. Nilitazama nyuso za wenzangu. Kama kura ingepigwa wakati ule juu ya bomba ambalo hata hatukuelezwa liko wapi, naamini mzee angeipata.

Mkufunzi alitumia nafasi hiyo kutuonyesha ukurasa wa kitini wenye michoro ya mistari: mmoja umenyooka, mwingine unakwenda kwa vipande sambamba, mwingine unazunguka kama konokono, na miwili imepindapinda. Akasema Mzungu anafikiri kwa mstari ulionyooka, na sisi Waafrika ndio tunaozunguka. Kitini hakikutaja michoro ile imetoka wapi, lakini niliifahamu. Ni ya Robert Kaplan, msomi wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1966 baada ya kusoma mamia ya insha za wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza. Aliwagawa watu katika makundi matano ya lugha: wenye Kiingereza, wenye lugha za Kisemiti kama Kiarabu, watu wa Mashariki ya mbali, wenye lugha za Kirumi kama Kifaransa na Kihispania, na Warusi. Mchoro wa konokono aliwapa watu wa Mashariki. Mwafrika hakuchorwa kabisa. Kaplan mwenyewe baadaye alilegeza msimamo baada ya kukosolewa kwamba huwezi kujua mtu anavyofikiri kwa kusoma insha aliyoiandika katika lugha anayohangaika nayo. Kwa hiyo kitini kimetupa mzunguko wa watu wengine, kisha kikatulaumu kwa kuzunguka.

Wakati wa chai nilikaa karibu na dada mmoja kutoka Unguja aliyesoma chuoni, yaani chuo cha Kurani na elimu zake, kabla ya kuingia katika kazi za hoteli. Alinikumbusha jambo ambalo mimi mwalimu wa Kiswahili nilipaswa kulisema ukumbini. Darasani tunafundisha "maswali ya balagha" kama tamathali moja tu kati ya nyingi, tukisahau kwamba balagha yenyewe ni elimu nzima, yenye matawi matatu ya maani (kupanga sentensi kulingana na hali), bayani (tashbihi na istiari) na badii (mapambo ya maneno), na imesomwa kwa karne nyingi popote Kiarabu kilipofika, pwani yetu ikiwamo. Neno lenyewe limetoka katika shina lenye maana ya kufika, shina lilelile lililotupa baleghe na mubalighi. Na katika elimu hiyo, alisema huku akipuliza chai, balagha ni maneno fasaha kuafikiana na hali inavyotaka. Si maneno mafupi wala marefu. Hali ndiyo inayoamua. Anayesema na mwenye shaka hasemi kama anayesema na aliyekwisha kuamini, na anayesema na mkanushaji anahitaji mkazo wa aina nyingine kabisa. Nilimwomba aliseme hilo tukirudi ndani. Akasema kengele ile haimpi hamu.

Zoezi lililonikaa zaidi moyoni ni la Jumamosi ya nne. Kila mmoja aliigiza tukio la kazini kwake, na mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, alichagua kumwendea mwanachama aliyechelewesha marejesho ya mkopo. Kijana wa benki aliigiza mdaiwa. Mama alipiga hodi kwenye meza, akaketi, akauliza kama kikohozi cha mtoto kimepona, akasifia pazia ambalo halikuwapo. Kisha akasema kama mtu anayekumbuka jambo njiani, "Nimetoka kumwona yule mwenzetu wa zamu hii. Ana mgonjwa, anasubiri fungu lake. Wallahi sikujua nimwambie nini." Akanyamaza. Kijana aliinama kidogo, akasema, "Nimekusikia, dada. Ijumaa."

Tathmini ya mkufunzi ilikuwa kwamba hoja haikutajwa: hapakuwa na kiasi cha deni, hapakuwa na tarehe, hapakuwa na wito wa kuchukua hatua. Yote hayo ni kweli. Lakini yule kijana, ambaye kazi yake ya kila siku ni kufuatilia mikopo, alisema kwamba aibu ilimwingia mapema kuliko ambavyo barua yoyote ya madai ya ofisini kwao ingeweza kufanya, na kwamba tarehe aliitaja yeye mwenyewe. Ushawishi ambao mshawishiwa ndiye anayeutamka una thamani ambayo kitini hakina safu ya kuiandikia alama. Wanawake wa pwani wameuelewa kwa vizazi. Ndiyo maana kanga ina jina, na anayeivaa anaweza kuapa kwamba hakusema neno.

Jambo hilohilo liko kwa mshenga. Kozi nzima imejengwa juu ya dhana kwamba mwenye haja na msemaji ni mtu mmoja, naye anasimama mbele ya watu akijieleza. Kwetu, mambo mazito kama posa na suluhu hayaendeshwi hivyo: mwenye haja hukaa nyumbani, na anayekwenda kusema ni mtu ambaye hana faida ya moja kwa moja katika jambo lile, mwenye heshima ya kuweza kukataliwa bila ugomvi kuzuka. Tena si kwetu tu. Katika mahakama za Athens ya kale mdai alitakiwa kusimama mwenyewe, ndipo watu kama Lysias wakapata riziki ya kuwaandikia wengine hotuba za kukariri. Roma ilikuwa kinyume, mtu aliweza kusemewa na mkubwa mwenye jina, na Cicero alijenga umaarufu wake kwa kuwasemea wengine. Nani aseme ni swali la mwanzo la balagha kabla ya aseme nini, na kwa Jumamosi sita halikuulizwa.

Kuhusu siasa, kozi ilitumia mifano miwili, mmoja vizuri na mwingine vibaya. Mzuri ulikuwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, alipotangaza kwamba Tanzania itampiga Idi Amin aliyekuwa amevamia Kagera. Mkufunzi alitusikilizisha sehemu ile ya uwezo, sababu na nia, akatuonyesha jinsi mambo matatu yanavyopangwa kwa muundo mmoja wa sentensi hata msikilizaji anakuwa amelijua umbo la sentensi ya tatu kabla haijatamkwa. Alisimamisha sauti baada ya kila kishazi na kutuuliza tunasikia nini. Tulisikia utulivu, Mwalimu hakupiga kelele. Hicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote, na kama kozi nzima ingekuwa hivyo ningeandika tathmini nyingine.

Mfano mbaya ulikuwa hotuba ya Mark Antony katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Hotuba yenyewe ni hazina kwa somo hili: mazikoni kwa Caesar, Antony anamwita Brutus, mmoja wa waliomuua, mtu mwadilifu, anarudia, anarudia tena, mpaka sifa inageuka kuwa kashfa bila neno lenyewe kubadilika. Msikilizaji yeyote wa Kiswahili aliyewahi kusikia mipasho anaelewa papo hapo kinachofanyika. Ila tulisomeshwa kwa Kiingereza cha karne ya 16, vijana wakikwama katika kila mstari, ilhali tamthilia hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1963, na mtafsiri ni huyohuyo Nyerere ambaye sauti yake tulikuwa tumetoka kuisikiliza. Rais aliyekuwa madarakani alikaa usiku akitafuta Kiswahili cha mtu anayeugeuza umma kwa maneno; sijui ni mfano gani mwingine wa siasa na balagha ambao kozi ya Dar es Salaam ingeuhitaji zaidi ya huo.

Niliyojifunza niliyapeleka kikaoni kati ya Jumamosi ya nne na ya tano. Nilifuata hatua tano za Alan Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue, zilizobuniwa miaka ya 1930 na ambazo ndizo uti wa mgongo wa kitini: kuvuta usikivu, kuonyesha haja, kutoa suluhisho, kuchora taswira, kuhimiza hatua. Mkanda wa saa sikuushika. "Kwa hiyo" niliitumia mara tatu. Niliwaeleza wazazi bei ya mahindi na maharage, nikawachorea mtoto anayesinzia kipindi cha mwisho kwa njaa na mtoto aliyekula uji akanyoosha mkono kujibu. Nilipomaliza palikuwa kimya, kisha mama mmoja wa mstari wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na huo unga atakuwa anaupima nani?"

Nilijibu kwa takwimu, na jibu likazama. Kikao kiliahirishwa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba miaka michache kabla sijahamia pale mahindi ya shule yaliwahi kupungua bila maelezo, na wazazi hawakuwa wamesahau. Njaa waliijua kuliko mimi. Walichokuwa hawana ni mtu wa kumwamini na ghala. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja nguzo tatu za ushawishi, yaani tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe, akasema kwamba tabia inakaribia kuwa yenye nguvu kuliko zote. Kitini kinazitaja zote tatu katika ukurasa wa tisa, kisha kinatumia kurasa zilizobaki kwa mbili za mwisho. Lakini hata Aristotle angetuacha njiani, maana yeye alitaka imani hiyo ijengwe ndani ya hotuba, si kwa yale watu waliyokwisha kuyajua juu ya msemaji. Wazazi wetu walitaka kinyume chake.

Kabla ya kikao cha pili, mkuu wa shule nami tulikwenda kwa miguu hadi kwa mzee mmoja wa mtaa anayesikilizwa, kisha kwa yule mama aliyeuliza. Tulipewa maji ya kunywa, tukaulizana habari, na mwishowe tukamwomba mama huyo awe mwenye ufunguo wa pili wa ghala na ashuhudie unga ukipimwa kila Jumatatu. Kikaoni alisimama mzee akasema maneno machache, mimi nikasoma bei tu. Kikao hakikufika dakika arobaini. Nilipoisimulia habari hiyo Jumamosi ya sita, mkufunzi aliipenda kweli, akaniomba ruhusa ya kuitumia kwa kundi lijalo kama mfano wa "kujua hadhira". Nilimruhusu, ingawa mfano huo ni wa mshenga, na jina lake angelijua kama angeuliza bara au pwani.

Kwa anayetaka kujiunga: nawapa nyota tatu kati ya tano. Kama kazi yako ni kuwasilisha mradi kwa wafadhili au kwa bodi ambako una dakika kumi na watu wenye haraka, lipa, utafaidika. Kama unatarajia kusema na kamati ya kijiji, wazazi, waumini au wakwe, chukua mafunzo ya sauti na video, mengine yasikilize kwa tahadhari. Ulizia kwanza kama utarekodiwa na kama faili litakuwa lako, kwa sababu nasikia wapo wanaorekodi na kubaki nalo. Ukumbi uko ghorofa ya tatu na hauna lifti. Projekta inatoa rangi ya kijani kwa kila kitu, na sambusa zikichelewa huja za baridi. Cheti kimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa saa zote ishirini na nne zilifundishwa kwa Kiswahili.

Siku ya mwisho tulipewa fomu ya tathmini yenye mstari mmoja wa maoni. Haukunitosha, nikageuza karatasi na kuandika nyuma, nikiomba taa ya projekta ibadilishwe, na yule mzee wa kamati ya maji arudishiwe dakika zake mbili, tusikie bomba liko wapi.